Mwaka wa Kerezo la Kukanyaga

Jumamosi iliyopita nilikula biriani ya hitima ya mtu niliyemdharau kwa zaidi ya miaka thelathini, na biriani yenyewe ilikuwa nzuri. Nalisema hilo mapema ili msomaji asikae akingoja machozi. Mzee Nassoro, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chuo chetu kidogo cha ufundi kule Likoni, alizikwa siku mbili kabla, baada ya Alasiri, nami nilikuwa miongoni mwa waliompa bega. Kwenye hitima alisimama ustadhi mmoja kijana, kipaza sauti mkononi, akahesabu mema ya marehemu: kisima, ukuta wa makaburi, na kisha, "Ndiye aliyetuletea kerezo la kukanyaga hapa Likoni, na watu wengi wamekula kwa mashine ile." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikameza nyama iliyokuwa kinywani, nikatazama mkeka. Nina karakana ya ghorofa mbili Magongo, mashine zangu zanguruma asubuhi hadi jioni, mameneja wa bandarini hunipigia simu wenyewe, na katika mkusanyiko ule mzima hakuna shingo hata moja iliyogeuka kunitazama. Ndipo nilipojua kwamba mwaka ule nisipouandika mimi, utabaki kuwa mali ya marehemu.

Kuhusu nyumba niliyozaliwa na watu walionizaa sina la kueleza hapa. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo sioni sababu ya kuwapa kurasa. Nianze na niliporudi kutoka India, mwanzoni mwa mwaka wa themanini na nane, nikiwa na miaka ishirini na mitano, sanduku moja, na diploma ya uhandisi wa mitambo niliyoisomea miaka mitatu huku nikisugua masufuria katika jiko la bweni ili nijilipie karo. Nilidhani bandari itanipokea kwa ngoma. Makarani niliowaonyesha karatasi yangu waliitazama kama mtu atazamavyo picha ya mtoto wa jirani, kisha wakaniuliza mjomba wangu ni nani. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kufundisha katika chuo cha Mzee Nassoro, vyumba vitatu vya mabati nyuma ya msikiti, ambamo watu walijifunza useremala kwa kutengeneza viti ambavyo mtu mwenye akili hakuthubutu kuvikalia. Nilipanga chumba karibu na hapo, katika nyumba ya makuti ambayo kuta zake hazikufika juu, hata kikohozi cha chumba cha mwisho nilikijua ni cha nani. Niliitundika diploma yangu juu ya kitanda. Mama mwenye nyumba alipoingia kuniletea mbaazi na mahamri, aliitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Hii ndiyo leseni ya gari?" Nikamwambia ndiyo. Kulikuwa na faida gani kumweleza?

Katika chumba cha tatu cha chuo, nyuma ya kufuli ambayo ufunguo wake Mzee Nassoro aliuvaa shingoni, kulikuwa na kerezo la umeme. Kwa wasiojua, kerezo ndiyo mashine inayozungusha gogo huku fundi akilichonga kwa patasi, likatoka mguu wa kitanda au nguzo ya ngazi, mviringo, na pete zake. Hilo lilikuwa zawadi ya wageni fulani wa Ulaya waliopita siku moja, wakapiga picha, wakaenda zao. Lilifunikwa kitambaa cha meza chenye maua ya waridi. Kila Ijumaa baada ya Swala mzee alilifunua, akalipangusa kwa mafuta ya nazi, akalifunika tena. Tangu lije halikuwa limezunguka hata mara moja. Wiki yangu ya kwanza nilimweleza sababu.

"Mzee, mashine hii yataka umeme wa nyaya tatu. Wetu ni wa taa."

"Mwanangu, umeme ni umeme."

"Huu hautoshi."

"Umesoma, sikatai. Lakini mashine hii yatoka Ulaya. Siku yake ikifika, itazunguka."

Nimekutana na wajinga wengi maishani, baadhi yao wakiendeshwa kwa magari ya serikali, lakini sijamwona mwingine aliyeingoja mashine kama watu wangojavyo mwezi uandame.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwako mwanamke aliyeitwa Mwanasiti, aliyenizidi miaka kama kumi. Mumewe, Rama, alikuwa mkereza wa vitanda. Wakereza wa Likoni walifanya kazi wamekaa chini: gogo limelala kati ya ncha mbili karibu na ardhi, fundi ameshika patasi kwa mikono na kuielekeza kwa vidole vya mguu, na mtu wa pili anavuta kamba iliyozungushwa kwenye gogo, kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka jua lipinde. Kwa miaka kumi na mmoja mtu huyo wa pili alikuwa Mwanasiti. Kisha Rama akaenda Tanga kutafuta mbao, akapata mke, asirudi. Mwanasiti akabaki na patasi saba na kamba isiyo na wa kuivuta. Sasa Mzee Nassoro, ambaye Rama alikuwa mpwa wake, akazitaka patasi zirudi kwa ukoo. Nilikuwapo barazani kwake siku aliyotoa hukumu. Tulikuwa tukinywa kahawa chungu, na wazee wanne wa kamati walikuwa wakigombea kashata ya mwisho kwa adabu nyingi.

"Vyombo ni vya fundi," mzee alisema. "Wewe, Mwanasiti, ni fundi?"

"Kitanda ulalacho, Mzee, pete za miguu yake nilizikata mimi. Rama alikuwa na homa."

Wazee wakacheka. Mwenye kitanda hakucheka.

"Basi lete cheti. Mtihani wa serikali ni mwezi wa Novemba. Ukikipata, vyombo ni vyako. Ukikikosa, vyarudi kwetu, na maneno yaishe hapo."

"Nimekubali," alisema Mwanasiti, akawatazama mmoja mmoja. "Na nyote mmesikia."

Mzee alikuwa mkarimu kwa sababu aliyajua masharti. Mtahiniwa alitakiwa kukereza miguu minne inayofanana, kwa siku moja, peke yake, kwa mashine ya chuo. Peke yake maana yake ni bila mvuta kamba. Mashine ya chuo maana yake ni lile kerezo la maua ya waridi. Mwanamke alikuwa amefungiwa mlango, na aliyeufunga alikuwa akilamba kashata vidoleni.

Nisijifanye malaika. Sikuchukua kalamu kwa kumhurumia Mwanasiti. Niliichukua kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitwa Bwana Diploma na watu ambao hata rula hawakujua upande wake wa kusomea. Nilikusudia kuunda kerezo la kukanyaga kwa mguu, lisilohitaji umeme wala mvuta kamba, na kulisimamisha mbele ya pua zao. Nilichora mchoro wake kwenye karatasi nne kubwa nilizoziunganisha, nikazibandika ukutani kando ya diploma. Meza ya magogo mawili mazito. Juu yake nguzo mbili zenye ncha za chuma, moja imara, nyingine ya kusogezwa na kukazwa kwa kabari. Chini, kanyagio la ubao linalosukuma mkono wa chuma uliopindwa, mkono unazungusha gurudumu, na mkanda wa ngozi unatoka kwenye gurudumu kwenda kwenye gogo. Magogo niliyapata kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa. Chuma nilikwenda nacho Changamwe kwa mhunzi aliyetaka nimweleze mara tatu, akawa amekwisha kukipinda kabla sijamaliza ya pili. Yule nilimheshimu. Kazi nyingine zote nilizifanya mwenyewe uani mwa chuo, saa za alasiri, na upande wa pili wa ukuta watu walikaa barazani wakinisikiliza kama wasikilizao redio.

"Yuagonga tena."

"Yuaunda nini?"

"Cherehani."

"Ya magogo, yakhe?"

"Ndivyo wafundishwavyo India. Miaka mitatu."

"Basi tumpe kitambaa. Mimi nataka kanzu."

Nilisikia kila neno, na niliendelea kugonga. Hadi leo nikiona watu wazima wamekaa barazani saa kumi ya jioni wakipimana maneno, hunijia ladha ya vumbi la mbao. Wengi wao wamekufa barazani pale pale, na sijui walichoacha zaidi ya mkeka.

Mwezi wa Juni nilikuwa tayari. Gurudumu nilikuwa nimelifanya jepesi, la mbao nyembamba, kwa sababu hesabu yangu ilisema jepesi litakwenda kasi. Mzee Nassoro alikuja na wazee wake wanne na wanafunzi wote wakasimama ukutani. Nikatia gogo, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka nusu, likasimama. Nikakanyaga tena, likarudi nyuma. Mara ya tatu likazunguka vizuri, moyo ukanitulia, nikaiweka patasi kwenye gogo, na papo hapo kila kitu kikasimama kimya. Mzee alilizunguka kerezo langu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hili," alisema, "lataka punda."

Walicheka mpaka mmoja akavunja kiti cha wanafunzi. Wiki nzima nilirudia hesabu. Nililaumu ngozi, nililaumu mbao, nililaumu joto la Likoni. Siku moja nilikuwa peke yangu karakanani nikila mihogo ya nazi kwenye bakuli, Mwanasiti akaingia, akalisukuma gurudumu kwa kidole.

"Mwalimu, gurudumu lako jepesi."

"Nimelipigia hesabu."

"Najua. Lakini mimi nimevuta kamba miaka kumi na mmoja. Nikivuta, patasi yala gogo. Nikirudisha mkono, gogo lalegea, hapo ndipo patasi hunasa. Na lako ndivyo lilivyo. Mguu ukipanda, lasahau."

"Sasa wataka niweke nini?"

"Kitu kisichosahau. Husagi mahindi wewe, lakini waulize wanaosaga. Jiwe likishaondoka, mkono wafuata wenyewe."

Nilimwambia somo limekwisha. Alipotoka nilifungua kitabu changu, na jambo lile lilikuwamo, ukurasa mzima, namna uzito wa gurudumu unavyoweka nguvu na kuitoa mguu unapopanda. Swali hilo hilo nilikuwa nimelijibu katika mtihani na kupata alama za juu kabisa. Kesho yake nilitengeneza kalibu ya bati kuzunguka ukingo wa gurudumu, nikachanganya saruji na kokoto za matumbawe, nikamimina. Niliwaambia wanafunzi kwamba nimefanya marekebisho. Sikumtaja mtu. Lilipokauka nilikanyaga mara tano, nikatoa mguu, na gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake, kwa mngurumo mzito ambao sijausahau. Upande mmoja saruji ilikuwa imekaa nene kuliko upande mwingine, kwa hiyo kila mzunguko meza ilitikisika kidogo. Niliona. Nikajiambia ni kidogo.

Kilichobaki kilikuwa mguu wa Mwanasiti. Tangu aanze kushika patasi, zile siku za homa na uvivu wa Rama, alikuwa akifanya kazi amekaa, na patasi ikiongozwa na vidole vya mguu. Sasa alitakiwa asimame. Kila alipoiweka patasi kwenye gogo, mguu wake wa kulia uliacha kanyagio ukapanda hewani kuitafuta patasi, naye akapepesuka akashika nguzo. Nilimcheka. "Cheka," aliniambia. "Mguu huu ulikuwa na kazi nyingine kabla yako." Kila siku baina ya Adhuhuri na Alasiri alikuja, akakanyaga na kukanyaga, na kufikia Oktoba mguu ulikuwa umekubali. Mbao zilikuwa tatizo jingine, maana chuo kilikuwa na mbao laini tu. Imamu ndiye aliyetutoa. Miguu ya jeneza la msikiti ilikuwa imeliwa na mchwa, na jeneza lisilosimama sawa ni aibu kwa mtaa mzima. Akasema atatoa mbambakofi mzuri, mti mgumu, mradi miguu minne ya mtihani iende kwenye jeneza. Mzee Nassoro hakupinga. "Mpeni," alisema. "Ikiharibika itakuwa kuni."

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka bara, mtu mpole aliyebeba mkoba na rula yake mwenyewe. Mzee alikuwa amevaa kanzu mpya. Alikuwa amemleta fundi wa umeme aliyeunganisha nyaya kwa namna ambayo ingenifukuzisha chuo India. Kitambaa cha waridi kikafunuliwa, kitufe kikabonyezwa. Mashine ya Ulaya ikavuma kama mtu anayesaga meno usingizini, haikuzunguka, ikatoa harufu ya kuungua, na taa zikazimika chuoni na msikitini. Dakika chache baadaye ikaingia Adhuhuri, na muadhini, kipaza sauti kimekufa, akalazimika kupanda juu na kuadhini kwa koo lake. Ilikuwa adhana nzuri kuliko zote nilizosikia mwaka ule.

"Mzee," mtahini aliuliza, "hii mashine iko na shida gani?"

"Yaona haya wageni."

Mtahini akaandika kitu. "Kuna ingine?"

Nilifungua kinywa, lakini Mwanasiti alinitangulia.

"Iko. Huko nyuma."

Mtahini alilitazama kerezo langu juu na chini. "Hii inaendeshwa na nini, mama?"

"Na mguu."

"Stima je?"

"Stima ni uji niliokunywa asubuhi."

Aliruhusu. Waliswali, wakala, Mwanasiti akaanza. Miguu mitatu ilitoka sawasawa na mchoro, pete tatu, shingo, tumbo, na mimi nikasimama mkono kifuani kama baba wa bwana harusi. Katika mguu wa nne, upande mzito wa gurudumu ukapita chini kwa kishindo, meza ikaruka, na patasi ikauma mbao chini ya pete ya pili. Niliona jeraha lile kutoka nilipokuwa nimesimama. Miguu minne inayofanana, ndivyo sharti lilivyosema, na mbambakofi haukuwapo mwingine. Mzee Nassoro naye aliona, akakohoa kwa raha. Mwanasiti hakuacha kukanyaga. Alibadilisha patasi, akaiweka pale pale palipoumia, akakata mfereji mwembamba, safi, kuzunguka mguu mzima, hata jeraha lisionekane tena. Kisha akautoa mguu ule, akaurudisha wa kwanza kati ya ncha, akaukata mfereji ule ule, mahali pale pale. Na wa pili. Muadhini alikuwa akikohoa tayari kwa Alasiri alipomaliza wa tatu.

Mtahini akaipanga miguu minne mezani, akapima. "Huu mkato hauko kwa mchoro."

"Sharti lasema ifanane," Mwanasiti alijibu, jasho likimtiririka. "Yafanana, haifanani?"

Akapima tena, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. "Inafanana," akasema, akatia sahihi.

Patasi saba zikabaki kwake, na hapakuwa na mzee aliyethubutu kusema neno, maana wote walikuwa wamesikia. Wiki iliyofuata Mzee Nassoro alimwita mpiga picha, akapigwa picha ameweka mguu kwenye kanyagio langu, patasi mkononi, ameishika upande wa makali. Januari kamati ikaniambia kwamba chuo hakihitaji tena mwalimu wa mitambo. Nilikunja diploma yangu nikavuka kwenda Changamwe, nikaanza na banda moja karibu na njia ya Port Reitz, na banda hilo ndilo lililozaa karakana ya Magongo niliyoitaja mwanzoni. Mwanasiti aliunda kerezo la pili mwenyewe, saruji imekaa sawa pande zote, na vitanda vya Likoni hadi leo vina ule mfereji chini ya pete ya pili. Wauzaji huuita mtindo wa zamani wa Wadigo. Umetokana na gurudumu langu bovu.

Narudi kwenye mazishi. Jeneza ni lile lile. Lilipoletwa mlangoni niliinama mbele, upande wa kushoto, na tulipoliinua vidole vyangu vilishika mguu wake, vikaingia kwenye mfereji vyenyewe, kana kwamba vilijua njia. Sikutazama. Tulimbeba mzee yule hadi makaburini, mabega yakipokezana, na yeye aliyekuwa ameuliza kama mwanamke ni fundi alilala juu ya jibu, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ndiyo maana Jumamosi niliweza kuyasikiliza maneno ya ustadhi na kumaliza biriani yangu. Baada ya hitima nilizunguka uani. Mwanasiti alikuwa amekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, miwani puani, akiwaamrisha wanawake waliokuwa wakisugua masufuria.

"Bi Mwanasiti, umemsikia ustadhi?"

"Nimemsikia. Safari hii kipaza sauti kizima."

"Na hukukasirika?"

Aliniangalia juu ya miwani kama alivyoliangalia gurudumu langu siku ile ya mihogo. "Mwalimu, wewe ulimbeba?"

"Nilimbeba. Mbele, kushoto."

"Alipowekwa chini, jeneza lilitikisika?"

"Halikutikisika."

"Basi," alisema, akawageukia wanawake wa masufuria. "Kilichokuwa kikitikisika ni gurudumu lako."